Rahisi kwa Nani?

Ndugu msomaji, naomba nianze na daftari. Ninalo kaunta buku moja ambalo upande wa mbele naandika riwaya (hii ni ya tatu kuianza, zile mbili ziliishia sura ya nne), na upande wa nyuma, kwa kuligeuza juu chini, naandika hesabu. Tangu mwaka jana hesabu hizo ni za jambo moja tu: chuo gani kinachofundisha filamu na upigaji picha naweza kukimudu mimi, kijana wa Musoma, niliyemaliza kidato cha nne mwaka 2019 nikapata alama za kunitosha kuanzia ngazi ya astashahada na si zaidi ya hapo. Nimechora mistari kwa rula. Safu ya kwanza jina la chuo, ya pili ada, ya tatu nauli, ya nne chumba na chakula, ya tano nimeandika "mengineyo." Hiyo ya tano ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Kwanza nieleze kwa nini mtu anayetaka kuandika riwaya anahangaika na kamera. Washikaji wa kijiweni pale Bunda wananiuliza hivyo hivyo, tena kwa kejeli: "Mwandishi, sasa kalamu imeisha wino?" Huwa nawajibu kwa habari za Sembène Ousmane wa Senegali. Huyu bwana alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini Marseille, akatoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1956, akawa mwandishi mwenye jina. Kisha mwaka 1962, umri ukikaribia miaka 40, akaenda Moscow kujifunza filamu, kwa sababu watu wa kwao aliotaka wamsikie wengi hawakujua kusoma. Mama yangu anajua kusoma, ila riwaya hasomi. Lakini mwekee video ya harusi ya jirani, atakaa chini saa tatu nzima bila kunyanyuka, hata kama huyo jirani mwenyewe hampendi.

Basi turudi kwenye daftari. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, yaani TaSUBa. Ni cha serikali, na chuo cha serikali kwa kawaida ni nafuu kuliko cha mtu binafsi, kwa hiyo kwenye safu ya pili ndicho kinachoshinda. Kwenye safu ya tatu kinaanza kupungukiwa, maana kutoka Musoma hadi Dar es Salaam tu ni zaidi ya kilomita 1,300, na Bagamoyo bado iko mbele. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nako wanasomesha sanaa hizi, na mwanafunzi wa shahada anaweza kuomba mkopo wa serikali. Ila mlango wake unataka cheti ambacho mimi sina. Urahisi huo nautazama kwa dirishani tu. Nairobi kuna Kenya Institute of Mass Communication, ya tangu 1961, na kwa basi la kupitia Sirari ni karibu sana kuliko Dar. Lakini kule mimi ni mgeni, na mgeni ana gharama zake. Kampala kuna Maisha Film Lab, aliyoianzisha mwongozaji wa filamu Mira Nair mwaka 2004, ambayo imewafundisha vijana wa Afrika Mashariki bila kuwatoza ada. Bure! Niliandika neno hilo kwa kalamu nyekundu. Halafu nikaelewa kwamba wanachukuliwa wachache, kwa kushindanisha miswada. Ili ukafundishwe bure inabidi kwanza uwe umeshajifunza mahali fulani, na huko mahali fulani hapakuwa bure.

Vipo pia vyuo vidogo vya watu binafsi, vya miezi mitatu, vya miezi sita. Kimoja nilikipigia simu, jina nalihifadhi. Kijana aliyepokea alinitajia ada vizuri kabisa, kwa sauti ya kukaribisha. Nikamwuliza, "Na kamera je?" Akasema kila mwanafunzi anakuja na yake. "Na kompyuta ya kuhariria?" Hiyo nayo, kila mtu na yake. Nikamshukuru, nikakata simu, nikabaki nacheka peke yangu dukani. Ni sawa na kuambiwa ugali ni bei chee, ila unga uje nao, na kuni, na sufuria.

Kuhusu mikopo sitakawia. Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005 ilikuwa ni kwa ajili ya elimu ya juu. Ilipofika mwaka wa masomo 2023/24 wakafungua mlango kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada, wa fani kama afya, kilimo, usafirishaji, madini na ualimu wa sayansi. Kamera haikuwamo, na siwezi kulia sana kwa hilo. Mtu wa zahanati anahitajika Mara kuliko mimi.

Lugha yetu ina ujanja fulani ambao sikuwahi kuuona mpaka nilipoanza kuchora zile safu. Kitu "rahisi" ni kitu cha bei ndogo, na kitu "rahisi" vilevile ni kitu kisicho kigumu. Kwa hiyo ninapouliza chuo gani ni rahisi, nauliza maswali mawili kwa pumzi moja. Tena neno lenyewe limekaa kimya juu ya swali la tatu: rahisi kwa nani? Mimi ni wa kundi la kwanza lililoingia kidato cha kwanza Januari 2016, ada ilipofutwa. Tulikuwa tunasoma "bure." Sikuwahi kujiuliza hiyo bure inatoka wapi. Kumbe ukizoea kusomeshwa na mkono usiouona, siku mkono ukionekana unashtuka.

Mkono wenyewe ulionekana mwezi wa sita. Baba aliniita nyumbani Musoma, akanikalisha chini ya mwembe. Akasema amesikia kuwa natafuta chuo cha picha, na kwamba yeye haelewi picha zinasomewaje, lakini hataki niseme baadaye kuwa alinizuia. Kisha akasema: "Wapo wale ng'ombe wa dada yako."

Msomaji wa pwani au wa mjini Dar huenda hapa hajaona kitu, kwa hiyo naomba nieleze. Dada yangu aliolewa Butiama mwaka 2023. Mahari yake ilikuwa ng'ombe, na katika hao wamebaki sita, wanachungwa kwa baba mdogo nje kidogo ya Bunda. Kwa desturi ya ukoo wetu ng'ombe wa dada ni wa kaka wanayefuatana naye, ndio atakaowatumia kuoa. Hivyo baba hakuniibia mtu. Alinipa kilicho changu kimila, tena kabla ya wakati wake. Niligeuza ng'ombe kuwa shilingi usiku ule ule, na kwa mara ya kwanza tangu nianze zile hesabu, safu ya pili, ya tatu na ya nne zilikaa sawa. Bagamoyo ilikuwa imelipika. Nikapiga mstari chini mara mbili kama mwalimu wa hisabati.

Halafu nikakumbuka upande wa pili wa desturi hiyo hiyo. Mke akiondoka kwa mumewe, ng'ombe wanarudishwa.

Kisheria haiko hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa haipungukiwi uhalali kwa sababu ya mambo ya mahari. Lakini hebu niambie, ni nani kwetu anayemkimbilia hakimu kabla ya wazee? Msichana akirudi nyumbani na begi, swali la kwanza la wazee si "Umepigwa?" Swali la kwanza ni "Ng'ombe wako wapi?" Kama wapo zizini, mazungumzo yanaweza kuanza. Kama waliliwa, basi binti anaambiwa avumilie, anapewa kuku wa kumpelekea mumewe, anasindikizwa hadi barabarani. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, kwa binti wa jirani, na sitasema zaidi.

Sasa tazama nilichokuwa nakifanya. Nilikuwa nachukua mlango wa dada yangu, naupasua mbao, naenda kuuza sokoni ili nikajifunze jinsi ya kupanga taa. Shemeji ni mtu mwema, kwa ninavyomjua. Lakini mlango hujengwa kwa ajili ya siku usiyoijua.

Ajabu ni kwamba habari hii nilikuwa nimeshaisoma, tena kwa kalamu ya mtu wa Butiama hiyo hiyo. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, na mojawapo ni Mabepari wa Venisi, ya mwaka 1969. Tulipokuwa shule sote tulimkumbuka Shylock na ratili yake ya nyama, tukabishana kama ni mbaya au ameonewa. Hakuna aliyemwuliza Bassanio swali lolote. Huyu Bassanio ni kijana mzuri, ana ndoto, anataka fedha za kusafiri ili akabahatishe maisha yake kwa Portia. Fedha zinakopwa, na mwili unaowekwa rehani ni wa rafiki yake, Antonio. Bassanio anakataa kwa maneno mawili matatu, kisha anakubali. Niliirudia sehemu hiyo juzi dukani, kati ya mteja mmoja wa picha za pasipoti na mwingine, nikasikia masikio yanawaka moto. Mimi pia chini ya ule mwembe nilikataa kwa maneno mawili matatu. Nilisema, "Lakini mzee, si mapema?" Basi. Na Butiama hakuna Portia atakayetokea dakika ya mwisho na joho la mwanasheria.

Mwalimu mwenyewe alikuwa na mfano mwingine kuhusu gharama ya elimu, alioutoa katika miaka ya 1960. Alimfananisha anayesomeshwa na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta chakula kingine. Akila asirudi, ni msaliti. Mfano huu umetumika sana, na ni mzuri, na mtu aliyeanza shule Mwisenge akiwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa kuchunga mifugo, alikuwa na haki ya kuutoa. Lakini kwa ujinga wangu wa kidato cha nne naona una tundu. Unamzungumzia aliyekula, na unakizungumzia kijiji. Haumtaji yule aliyelala njaa usiku ule, jina lake, na kama aliulizwa. Kijiji kinapotoa chakula chote, kuna mkono fulani uliofungua chungu, na mara nyingi si mkono wa aliyetoa hotuba.

Mwenzangu wa dukani, ambaye ana miaka mitano zaidi yangu na watoto wawili, alinisikiliza mpaka mwisho huku anaweka karatasi kwenye mashine ya fotokopi. Kisha akaniuliza swali moja lililonikata maini: "Kwani ukiwatumia kuolea, si mlango ni ule ule unaufunga?" Nilitafuta jibu siku nzima. Sina. Ni kweli. Nikisema chuo hapana, halafu mwaka kesho nikawaswaga ng'ombe wale wale kwa baba mkwe, nitakuwa mnafiki wa daraja la kwanza. Nilidhani natafuta bei ya chuo, kumbe nimegusa uzi, na uzi unavutana na shati zima.

Kuna wanaosema: achana na vyuo, jifunze mwenyewe. Hawa huwa na mfano wao tayari, na mfano wao mkubwa kwetu ni Mohamed Amin. Ni kweli alianza na kijikamera cha sanduku akiwa mwanafunzi Dar es Salaam, akaanzisha Camerapix mwaka 1963, na picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia. Mkono mmoja aliupoteza Addis Ababa mwaka 1991 na bado akaendelea na kamera, mpaka alipofariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa ikaanguka Komoro. Namheshimu mno. Lakini nimegundua kwamba mtu aliyefaulu bila shule hutajwa zaidi mbele ya mtoto wa maskini. Mtoto wa tajiri akitaka kusoma filamu haambiwi habari za Mohamed Amin, anaulizwa anataka kwenda nchi gani.

Mimi nimejaribu hiyo njia ya kujifunza mwenyewe, tena bado nipo ndani yake. Siku za wiki napiga picha za pasipoti Bunda, kitambaa cha bluu nyuma, "inua kidevu, usitabasamu." Mwisho wa wiki namsaidia mpiga video mmoja wa harusi Musoma. Namshikia taa, namvutia waya. Nimejifunza kwamba mama wa bibi harusi lazima aonekane analia, na kwamba mjomba aliyetoa fedha nyingi lazima aonekane mara tatu. Hiyo ni elimu, wala siidharau. Ila nikimwuliza bosi kwa nini taa inakaa hapa na si pale, anasema, "Ndivyo inavyokaa." Chuoni ndiko ningepata mtu wa kunijibu swali la kwa nini. Sijui kama jibu la swali hilo lina thamani ya ng'ombe sita.

Na hapa nikiri kosa jingine. Ili niutulize moyo, nilijitengenezea sababu kubwa. Hapa kwetu, barabara ya kwenda Mwanza, liko lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti. Tangu utotoni tumeona magari yakipita na kamera ndefu kama bunduki. Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitengeneza filamu ya Serengeti ambayo ilitoka mwaka 1959 na kupata tuzo ya Oscar, na kijana mwenyewe alikufa kwa ajali ya ndege kabla kazi haijakamilika. Simba wetu wamepigwa picha kuliko mawaziri. Lakini mwanamke anayeanika udaga juu ya mwamba hajatafutwa na kamera ndefu. Basi nikajiambia: nitakwenda Bagamoyo kwa niaba ya huyo mama, kwa niaba ya mkoa mzima! Tazama jinsi sababu inavyonenepa. Mtu akianza kusema anafanya kwa ajili ya watu wote, chunguza ni mtu mmoja gani atakayelipa.

Novemba 1974 viongozi wa TANU walikutana Musoma hapa wakatoa lile Azimio la Musoma. Watu wanalikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote. Lakini lilisema pia kwamba kijana asitoke shule moja kwa moja kwenda chuo kikuu. Afanye kazi kwanza, na wenzake kazini waseme kama anafaa. Utaratibu huo baadaye uliachwa, na nasikia ulikuwa na matatizo yake. Wazo lenyewe lakini, kwamba waulizwe watu wanaokuona kila siku, lilinifanya nione aibu. Nilikuwa nimewauliza vyuo vitano kwa simu. Dada yangu sikuwa nimemwuliza.

Nikapanda daladala hadi Makutano, nikaunganisha kwenda Butiama. Nilimkuta kweli anaanua udaga, jua limeshuka, mtoto mgongoni. Alinipa kikapu nishike. Nilimweleza yote: chuo, ada, ng'ombe, maneno ya mzee. Alinyamaza mpaka mwamba ukabaki mtupu.

"Mdogo wangu, umekuja kuniuliza au kuniaga?"

Nikasema nimekuja kuuliza.

"Mimi sina mpango wa kutoka hapa," alisema. "Ila siku nikiwa nao, sitaki nikute ni wewe uliyefunga." Nikamwambia basi yameisha, ng'ombe hawauzwi, nitabaki Bunda na picha zangu za pasipoti. Nilidhani atafurahi. Akanitazama kwa ukali ambao sijauona tangu alipokuwa ananipeleka shule ya msingi.

"Na hilo nalo usinibebeshe. Ukae Bunda miaka kumi ukinywa chai na kuwaambia watu, ningekuwa mtu mkubwa, ila dada yangu. Hapana. Tafuta njia yako ambayo mimi simo, si kwa kulipa wala kwa kulaumiwa."

Tulikula ugali wa muhogo na dagaa. Shemeji alirudi, tukaongea habari za mvua. Hakuna kilichosemwa zaidi.

Hilo jibu lake limenishinda kuliko hesabu zote. Nilijua kwamba kwenda kwangu kuna gharama kwake. Sikujua kwamba hata kubaki kwangu, nikikupamba kwa jina la wema, ni hati nyingine nimemwekea asaini. Sasa kwenye daftari nimefuta "mengineyo" nikaandika "nani analipa," na safu hiyo ndiyo naijaza kwanza. Imekuwa ngumu. Chuo cha miezi mitatu kinaonekana ghali kwa kila mwezi, lakini ningeweza kukilipa kwa mshahara wangu na harusi za mwaka mmoja na nusu, kama harusi hazitapungua na kama bosi ataniazima kamera, jambo ambalo bado sijathubutu kumwomba. Bagamoyo ni nafuu kuliko hicho, na kwa nguvu zangu peke yangu haifikiki.

Mzee nimemwambia tusubiri. Hakupenda. Alisema kizazi chetu kinapewa, kinauliza maswali. Fomu ya chuo ninayo, imekunjwa humo humo kwenye kaunta buku, kati ya riwaya na hesabu. Kuna mahali panaandikwa jina na sahihi ya mlipaji wa ada, na bado pako wazi, mwisho wa kuirudisha ni tarehe 30. Baba mdogo alipiga simu jana jioni kusema kwamba ng'ombe mmoja kati ya wale sita amezaa, ndama jike, na kwamba wote wako salama. Akaniuliza huyo ndama amhesabu kuwa wa nani. Nikamwambia nitampigia.